Mapafu yanayojengwa: namna ya kumkinga mtoto wa Goma dhidi ya pumu tangu akiwa tumboni

Mbabula, lile jiko letu la makala (makaa), ikishawaka vizuri haitoi moshi unaoonekana, na hapo ndipo wengi wetu hapa Goma tunapokosea. Moshi wa kuni tunauogopa kwa sababu unatutoa machozi, lakini makala yaliyoiva mekundu tunayaingiza ndani, tunafunga mlango kwa sababu ya baridi ya mvua, kisha tunamlaza mtoto mchanga hatua mbili kutoka pale. Mwongozo huu unamhusu mtoto huyo: hewa anayoipata kabla ya kuzaliwa na katika miaka yake miwili au mitatu ya mwanzo, jinsi hewa hiyo inavyoweza kuifungulia njia pumu, au asma kama wengi wetu tunavyoiita, na mambo ambayo familia ya nyumba ya mbao isiyo na fedha nyingi inaweza kuyafanya. Nimefuata mpangilio wa maisha ya mtoto, kwa kuwa naamini kazi kubwa iko mwanzoni, kwenye jiko la mama mjamzito, hata kama pompe, ile dawa ya kuvuta kwa mdomo, ndiyo inayozungumziwa zaidi.

Kwa nini miaka ya mwanzo

Njia za hewa za mapafu hukamilisha matawi yake mtoto akiwa bado tumboni, kabla mimba haijafika nusu. Vifuko vidogo ambamo oksijeni huingia kwenye damu huanza kuumbwa katika miezi ya mwisho ya mimba na huendelea kuongezeka kwa miaka: mtoto huzaliwa navyo makumi ya milioni, ilhali mtu mzima anavyo mamia ya milioni. Tena mtoto mchanga aliyetulia hupumua mara 30 hadi 60 kwa dakika, na mtu mzima mara 12 hadi 20 tu, kwa hiyo kwa kila kilo ya mwili wake mtoto anavuta hewa nyingi kuliko mama aliyeketi naye katika chumba kilekile.

Kinachosumbua zaidi katika hewa hiyo ni chembechembe laini zenye upana usiozidi maikromita 2.5, yaani takribani sehemu moja ya thelathini ya upana wa unywele. Pua haizikamati. Zinashuka hadi mwisho wa mapafu, na nyingine huvuka na kuingia kwenye damu. Mwaka 2019 watafiti wa Ubelgiji walionyesha chembe za masizi kwenye kondo la nyuma, upande unaomwelekea mtoto. Masizi yanapotua kwenye utando wa njia za hewa, mwili huyapokea kama adui: utando unavimba, ute unaongezeka, na misuli inayozizunguka njia hizo huzoea kujikaza kwa jambo dogo tu, kama vile mafua, vumbi au hewa ya baridi. Njia ya hewa iliyovimba, yenye ute na inayojikaza ovyo, ndiyo pumu.

Ipo pia njia ya kuzunguka. Moshi wakati wa mimba huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa mwepesi au kabla ya siku zake, na mtoto wa namna hiyo huanza maisha na njia za hewa nyembamba. Kisha moshi huohuo humwongezea maambukizi ya kifua katika mwaka wa kwanza, na watoto waliougua sana kifua wakiwa wachanga ndio wanaoonekana mara nyingi zaidi wakitoa mluzi kifuani wanapofika umri wa shule.

Ni haki msomaji ajue ni wapi ushahidi una nguvu na ni wapi wataalamu bado wanabishana. Kuhusu moshi wa magari mambo yako wazi zaidi. Kusini mwa California, watafiti walifuatilia maelfu ya watoto wa shule kuanzia miaka ya 1990, wakaona kwamba waliokulia katika miji yenye hewa chafu walifika miaka 18 wakiwa na mapafu yenye uwezo mdogo kuliko wenzao. Hewa ya huko iliposafishwa, watoto waliowafuata walikua na mapafu bora na visa vipya vya pumu vikapungua. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2022 ilikadiria kwamba naitrojeni dioksidi, gesi itokayo hasa kwenye injini, ilihusika na visa vipya takribani milioni 1.85 vya pumu ya watoto duniani kwa mwaka 2019 pekee. Moshi wa jikoni, kwa upande wake, umejulikana kwa muda mrefu kuhusiana na nimonia, lakini kuhusu pumu yenyewe tafiti hazisemi kwa sauti moja. Kintampo, nchini Ghana, watoto ambao mama zao walivuta kaboni monoksidi nyingi, gesi ya sumu itokayo kwenye moto, wakati wa mimba walikuwa na mapafu dhaifu zaidi walipopimwa wakiwa na umri wa mwezi mmoja. Jaribio kubwa la Guatemala, India, Peru na hapo jirani Rwanda, ambalo liliwashirikisha wajawazito wapatao 3,200 na kuwapa takribani nusu yao jiko na gesi ya bure, halikuthibitisha kwamba watoto wa kundi hilo walizaliwa wakiwa wazito zaidi, wala kwamba nimonia kali ilipungua kwao. Mimi nalisoma jaribio hilo kama onyo kwa wauza miujiza, kwani jiko moja zuri lililoletwa mimba ikiwa tayari na miezi kadhaa haliwezi kubeba kazi yote. Silisomi kama ruhusa ya kuuacha moshi ndani ya nyumba.

Mimba inapoingia, anza na jiko

Dakika za kuwasha ndizo chafu kuliko zote. Washeni mbabula nje, mahali ambapo upepo hauurudishi moshi mlangoni, na mjamzito asiwe yeye wa kuinama na kupuliza. Kazi hiyo ichukuliwe na baba, shemeji au kijana yeyote wa nyumbani, na kama hakuna mtu, mama awashe kisha aondoke upande ambao moshi hauelekei mpaka makala yashike. Tumieni vibanzi vya mbao vikavu au magunzi ya mahindi kuwashia. Mifuko ya plastiki, vipande vya kandambili na vya tairi, ambavyo tunavipenda kwa kuwa vinashika moto upesi, hutoa moshi wenye sumu ambao haufanani hata kidogo na wa kuni. Makala yaliyoloa mvua juu ya chukudu, ule mkokoteni wetu wa mbao, yaanikwe kwanza, maana makala mabichi hufuka muda mrefu.

Makala yakishakuwa mekundu, hatari inabadilika sura. Moshi umepungua, lakini kaboni monoksidi inaendelea kutoka, nayo haina rangi wala harufu. Inashika damu mahali pa oksijeni, na mtoto aliye tumboni hana akiba ya kufidia. Kwa hiyo mbabula isiingie katika chumba cha kulala kwa sababu yoyote, hata ikiwa imefunikwa majivu, hata katika usiku wa mvua ambapo baridi ya Goma, mji ulioko mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, inapenya katikati ya mbao. Ongezeni blanketi. Mtu aliyeamka na kichwa kizito na kichefuchefu katika chumba kilicholala na makala hajarogwa.

Kama ni lazima kupika ndani, jiko linahitaji matundu mawili: moja chini ya kuingizia hewa safi, na lingine juu kabisa, karibu na bati, la kutolea hewa ya moto. Tundu moja halitoshi, kwa sababu moshi hauwezi kutoka vizuri pasipo kitu cha kuusukuma. Katika nyumba nyingi za mbao tundu la juu lilikuwepo tangu mwanzo, tukaliziba kwa katoni na bache (turubai). Ondoeni katoni hiyo upande wa jiko, na iacheni upande wa chumba.

Njia nyingine ni kupunguza saa za moto, na hapa maharage ndiyo mwalimu. Sufuria ya maharage makavu juu ya mbabula inakula saa tatu za makala, na mara nyingi mama yuko karibu nayo muda wote huo. Dada yangu alipokuwa na mimba ya pili tulimfanyia hivi: maharage yalilowekwa tangu jioni, asubuhi maji yale yakamwagwa, yakachemshwa kwa maji mapya kwa nguvu nusu saa nzima, kisha sufuria ikiwa bado inatokota na kifuniko chake kimebana ikaingizwa katika kikapu kikubwa kilichojazwa nguo kuukuu na majani makavu ya migomba, ikafunikwa mto juu, ikaachwa hadi mchana. Yalitoka yameiva, yakahitaji robo saa tu ya moto kwa ajili ya chumvi, mafuta na kitunguu. Msiruke hatua ya kuchemsha kwa nguvu, kwa kuwa maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo joto la kikapu peke yake haliiondoi. Mama mkwe wake alicheka kikapu siku ya kwanza. Gunia la makala lilipochukua muda mrefu zaidi kwisha, alikuja kuuliza kimeshonwaje.

Mwenye umeme au chupa ndogo ya gesi aanze kuvitumia kwa mambo ya haraka, kama chai, uji wa mtoto na maji ya kuoga, hata kama ugali na sombe (majani ya muhogo) bado vinabaki kwenye makala. Kila moto usiowashwa ni faida. Gesi nayo hutoa naitrojeni dioksidi, kwa hiyo dirisha lifunguliwe hata pasipo moshi.

Sigara ni suala fupi: mjamzito asivute, na asivutiwe karibu. Huu ndio moshi ambao uhusiano wake na mluzi wa kifua kwa watoto hauna ubishi wowote.

Mtoto akishazaliwa

Mtoto aliye mgongoni mwa mama anayepuliza mbabula anavuta moshi uleule, tena uso wake umeelekea juu ya bega, mahali moshi unapopita. Desturi ya kumfunga mtoto kwa kitenge ni nzuri na siigusi. Ninachoomba ni kwamba wakati wa kuwasha na wakati wa kukaanga, mtoto apokewe na mtu mwingine au alazwe chumba kingine. Kwa siku ni kama saa moja au mbili tu, lakini ndizo saa chafu kuliko zote.

Chumba cha mtoto kisifagiliwe kavu. Vumbi la Goma linatokana kwa sehemu kubwa na mawe ya volkeno yanayosagwa na magurudumu. Ukilifagia linapanda na kuelea, ukilifuta kwa kitambaa kibichi linabaki kwenye ndoo. Mwagieni maji kidogo mbele ya mlango wakati wa kiangazi. Dawa ya mbu ya kuviringika inayochomwa usiku hutoa chembechembe laini sawa na za makumi ya sigara, na kwa kuwa inafuka usiku kucha katika chumba kilichofungwa, chandarua kinaizidi kwa kila kipimo. Kibatari nacho kiiachie nafasi taa ya jua ikiwezekana.

Nyumba iliyo kando ya barabara kubwa ina shida ambayo familia peke yake haiwezi kuimaliza. Huko London, Ella Adoo-Kissi-Debrah, msichana wa miaka 9 aliyeishi karibu na barabara yenye msongamano, alifariki kwa pumu Februari 2013, na mwezi Desemba 2020 afisa wa uchunguzi wa vifo alitamka kwamba uchafu wa hewa ulichangia kifo chake. Kwa wenye nyumba ya namna hiyo hapa kwetu, chumba cha mtoto kiwe cha nyuma, na madirisha ya mbele yafunguliwe saa ambazo magari na pikipiki zimepungua. Jenereta, ambayo majirani wengi huiweka barazani ili isiibwe, isogezwe mbali na dirisha la mtu yeyote.

Kunyonyesha maziwa ya mama pekee kwa miezi sita na kukamilisha chanjo, ikiwemo ile ya nyumokoka, bakteria wanaoleta nimonia, hakusafishi hewa, lakini kunapunguza yale maambukizi ya kifua yanayoandaa njia.

Siku za mlima

Nyiragongo na Nyamulagira ni miongoni mwa volkeno zinazotoa salfa dioksidi nyingi kuliko zote duniani. Mara nyingi upepo huipeleka gesi hiyo magharibi, upande wa Rusayo na Sake, lakini siku nyingine inashuka mjini, nasi tunaitambua kwa harufu kali ya kiberiti kilichowashwa na mkwaruzo kooni. Kwa mtu mwenye pumu gesi hii inaweza kukaza njia za hewa ndani ya dakika chache. Siku hiyo mtoto mwenye kifua kibovu akae ndani, madirisha yafungwe, mbabula isiwashwe ndani hata kidogo, asikimbie, na pompe iwe mfukoni mwa anayemtunza. Barakoa nzuri husaidia dhidi ya majivu. Dhidi ya gesi, barakoa na kitambaa havizuii kitu, na anayewauzieni kwa ahadi hiyo anawadanganya. Majivu yakianguka, funikeni tangi la maji ya mvua na chomoeni bomba linaloleta maji ya paa kwenye tangi kabla mvua haijanyesha. Tangazo la OVG, kituo cha uchunguzi wa volkeno, lifuatwe kabla ya porojo za simu.

Mazuku ni kitu kingine, ingawa watu huchanganya. Ile ni kaboni dioksidi inayojikusanya mabondeni karibu na ziwa. Haileti pumu, inaua kwa kukosesha hewa, na mtoto huathirika kwanza kwa sababu ya kimo chake.

Kutambua, kabla ya kutibu

Mtoto wa kwanza wa dada yangu alipewa antibiotiki mara tatu katika mwaka mmoja kwenye kituo kimoja cha afya, kila mara kwa jina la nimonia, kila mara akapona nusu. Munganga, yaani daktari, aliyefumbua jambo hakuwa na mashine, aliomba daftari. Kwa wiki tatu tuliandika tarehe, saa, kikohozi, na kilichokuwa kinawaka. Mstari mmoja naukumbuka hivi: “Jumanne, saa nane usiku, kikohozi kikavu, kifua kinalia, jana mbabula ilikuwa ndani sababu ya mvua.” Mistari ya namna hiyo ilijirudia, bila homa. Pumu kabla ya miaka mitano ni ngumu kuithibitisha, na kinachomsaidia munganga ni mtindo huo: kikohozi cha usiku, mluzi wakati wa kutoa pumzi, kurudia baada ya moshi, mafua au kucheka, na ndugu wa damu wenye pumu au ukurutu.

Jifunzeni pia kuhesabu pumzi, mtoto akiwa ametulia, asipokuwa anakula wala kunyonya, kwa dakika nzima, mkiangalia tumbo likipanda. Pumzi 60 au zaidi kabla ya miezi miwili, 50 au zaidi kati ya miezi 2 na 11, na 40 au zaidi kati ya mwaka 1 na 5, zinataka munganga siku hiyohiyo. Mbavu zinazoingia ndani, kushindwa kunyonya au kumaliza sentensi, midomo ya rangi ya buluu, usingizi usio wa kawaida, au kifua kilichokuwa kinalia kikanyamaza ghafla huku mtoto bado anahangaika, hizo ni za kwenda sasa hivi, usiku au mchana.

Pompe na chupa ya nusu lita

Watu husema pompe inazoesha, au kwamba ni ya anayekaribia kufa. Si kweli. Dawa inayovutwa huenda palepale penye shida kwa kipimo kidogo, ilhali sirapu ya salbutamoli huzunguka mwili mzima, hutetemesha mikono, na hufanya kazi pole zaidi. Ziko pompe za aina mbili: ya kufungua, ambayo ni salbutamoli, na ya kukinga, kama beklometasoni, inayopunguza uvimbe na kutumika kila siku hata mtoto akicheza vizuri. Anayehitaji ya kufungua mara kwa mara kila wiki huenda anakosa ya kukinga. Hilo mwambieni munganga.

Mtoto hawezi kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja, kwa hiyo dawa hupitia kwanza katika chombo. Mwaka 1999 utafiti wa Cape Town ulionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitengenezwa vizuri, hufanya kazi sawa na chombo cha dukani. Pindeni waya kwa umbo la mdomo wa pompe, upasheni moto hadi uwe mwekundu, mtoboe kitako cha chupa, na pompe iingie kwa kubana. Pembeni pazibwe kwa gundi. Osheni chupa kwa maji ya sabuni, isifutwe, ijikaushe yenyewe, kwa maana kufuta ndani huleta umeme tuli unaoshika dawa ukutani. Tikiseni pompe, mtoto afunge midomo juu ya mdomo wa chupa, bonyezeni mara moja tu, avute na kutoa pumzi mara tano au sita. Ndipo mpulizo wa pili. Kwa mtoto asiyeweza kufunga midomo, kituo cha afya kimpe chombo chenye kibarakoa cha kufunika pua na mdomo.

Akibanwa nyumbani na munganga ameshaandika salbutamoli ya maikrogramu 100, mwongozo wa kimataifa kwa walio chini ya miaka mitano ni mipulizo miwili, mmoja baada ya mwingine, inayoweza kurudiwa mara mbili zaidi kila baada ya dakika 20. Asipopata nafuu, safari ya hospitali iwe imeshaanza. Baada ya dawa ya kukinga asukutue mdomo na kutema.

Kopo la pompe lenye mipulizo 200 huendelea kutoa sauti hata dawa ikiisha, na ule mtindo wa kulielesha kwenye maji haupimi chochote. Mtoto wa mipulizo minne kwa siku ana siku 50. Andikeni kwa kalamu juu ya kopo tarehe ya kwanza na tarehe ya mwisho, na mnunue jingine wiki moja kabla.